Tunasafiri wiki tatu Desemba: mbwa na paka wabaki na nani?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Tunaishi Uyole, Mbeya, na kuanzia katikati ya Desemba tutakwenda kwetu Mwanga, Kilimanjaro, kwa wiki tatu: kuna kipaimara cha mtoto wa shemeji, kisha sikukuu. Tuna mbwa dume wa miaka minne anaitwa Simba, na paka jike mmoja. Dada wa kazi naye anaenda kwao Vwawa. Mume wangu anasema tumpakie Simba nyuma ya gari twende naye, na paka atajitafutia. Mimi nafikiria kijana wa jirani, amemaliza kidato cha nne, awe anakuja kuwalisha. Kuna mtu mwingine katuambia ana mabanda upande wa Iyunga, analaza mbwa kwa malipo. Kipi bora? Na likitokea tatizo kipindi cha sikukuu, wewe utakuwepo? — Mama Wawili, Uyole

JIBU: Mama Wawili, Simba abaki nyumbani, paka abaki nyumbani, na huyo kijana asiwe "anakuja kuwalisha". Ahamie kwenu, alale hapo kila usiku mpaka mrudi. Nimeanza na jibu kwa sababu nina hakika baba watoto atasoma haya akiwa nyuma ya bega lako, na yeye ndiye wa kushawishiwa.

Kila Januari naletewa mbwa na paka ambao wenyewe walikuwa safarini. Walioteswa ni wachache sana. Wengi wao waliachwa na mtu mwema, anayewapenda kweli, ila hakuna aliyemwambia kitu zaidi ya "utawapa chakula". Hakuambiwa kwamba mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Hakuambiwa kwamba panadol inaua paka. Hakuambiwa akiona nini ndipo apige simu, kwa hiyo alisubiri mpaka mbwa akashindwa kusimama. Ndiyo maana sehemu kubwa ya jibu hili itamhusu huyo kijana.

Lakini tumalizane na gari kwanza.

Kutoka Uyole hadi Mwanga ni zaidi ya kilomita 1,000. Makambako, Mafinga hadi Iringa hakuna shida, hewa ni ileile aliyoizoea. Shida inaanza mkishuka mlima Kitonga. Simba amekulia huku juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ndani ya saa moja hivi mtakuwa mmemteremsha Ruaha Mbuyuni, kwenye joto ambalo hata nyie mtavua masweta. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na ili ahemee vizuri anahitaji hewa inayotembea. Nyuma ya gari, katikati ya mabegi, ndoo za parachichi na gunia la viazi mnalowapelekea wazee, hewa hiyo haipo. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na ushee. Likifika 41 tayari tunazungumzia kuokoa maisha.

Halafu mtasimama kula. Watoto watataka chooni, mtaagiza chipsi, chipsi zitachelewa, na Simba atakuwa kwenye gari lililofungwa. Gari lililoegeshwa juani hupanda joto kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, na kuacha upenyo mdogo dirishani hakusaidii kitu cha maana.

Mkitoka hapo mnaingia Mikumi. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa karibu kilomita 50, na kule kuna mbung'o. Watu wengi wanajua mbung'o ni adui wa ng'ombe. Mbwa naye akipata nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoletwa na mbung'o, huumwa vibaya: homa, kukonda, fizi kuwa nyeupe, na mara nyingi macho kuingia ukungu wa rangi ya maziwa. Dalili huja baada ya siku nyingi, wakati mmeshasahau safari, na ukimpeleka kwa daktari bila kumtajia Mikumi anaweza kuhangaika na magonjwa ya kupe peke yake. Na msifikirie kumshusha akojoe pembeni mle ndani. Kuingiza wanyama wa kufugwa hifadhini hakuruhusiwi, tena wenyeji wa pale wana meno.

Akifika Mwanga akiwa mzima, atakutana na joto la tambarare, mbwa wa ukoo wanaolinda kwao, na watoto kumi wasiomjua wanaotaka kumpanda mgongoni. Mbwa mlinzi aliyechoka kwa safari, kwenye uwanja usio wake, ndiye anayeng'ata. Mimi sioni anachokwenda kufaidi.

Kama pamoja na hayo baba ameamua, basi afanye hivi: chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai na cheti kiwe mkononi, mpite ofisi ya mifugo ya halmashauri mapema mpate cheti cha afya na kibali cha kusafirisha, Simba alishwe kidogo saa tano au sita kabla ya kuondoka, asipewe chakula kingine njiani ila maji kila mnaposimama, na msimame kila baada ya saa mbili hadi tatu, akae kwenye kiti cha nyuma amefungwa kwa mkanda wa kifuani, sio wa shingoni. Mikumi vioo vyote juu. Wala msimpe dawa ya usingizi ya kubahatisha, maana mbwa aliyeleweshwa hawezi kujipoza wala kujishikilia kwenye kona za Kitonga. Kama anatapika garini, njoo nikuandikie dawa ya kichefuchefu ya mbwa. Na kwa wasomaji wengine wanaoniuliza kuhusu buti la basi: hapana. Buti ni la mabegi.

Mabanda ya Iyunga sitayaongelea sana kwa sababu hamyahitaji. Kwa mtu asiye na jirani wala ndugu, kulaza mbwa kwa malipo ni msaada mkubwa, ila aende kuangalia mwenyewe siku ambayo hajatoa taarifa, na swali la kwanza liwe: "Mbwa wengine hapa, naomba kuona vyeti vyao vya chanjo." Mwenye mabanda akicheka, geuza gari. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua mbwa, vinaweza kukaa kwenye udongo wa banda miezi mingi, hata mwaka, na kudeki kwa sabuni ya kawaida hakuviondoi. Vinahitaji dawa yenye klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Mwenye banda asiyejua hilo anapokea mbwa wazima na kurudisha wagonjwa. Halafu kuna jambo jingine: mkimpeleka Simba Iyunga, nyumba yenu ya Uyole inabaki na nani?

Sasa kijana.

Kwa nini alale? Kwanza, Desemba huku ni mvua na radi, na Simba anaweza kuwa jasiri kwa wezi lakini radi ikipasua akaruka ukuta. Usiku wa kuamkia mwaka mpya ni mbaya zaidi: fataki, masufuria yanagongwa, matairi yanachomwa, na kesho yake mitaa yote ina watu wanaotafuta mbwa. Usiku ule Simba aingizwe ndani, chumba cha kufulia au stoo, redio iwashwe, mlango ufungwe. Anayekuja asubuhi na jioni hawezi kufanya hivyo saa sita usiku.

Pili, wezi wa nyumba zisizo na watu huanza na mbwa. Wanarusha kipande cha nyama chenye sumu ya shambani juu ya ukuta, wanasubiri. Mbwa aliyeshiba kabla ya giza, na aliyezoea kula kwenye bakuli lake kutoka kwa mtu mmoja, ana nafasi nzuri kidogo ya kuikataa, sisemi ataikataa. Kinachosaidia hasa ni taa kuwaka, mtu kukohoa ndani, na nyinyi kutotangaza safari. Picha za Mwanga kwenye status ziwekeni mkirudi.

Simba na kijana wazoeane kuanzia sasa, sio siku ya kufunga mabegi. Mbwa wa geti anayemwona jirani kupitia upenyo wa mlango kila siku hajamjua bado, amemzoea akiwa nje. Akiingia ndani, nyie hampo, ni mtu mwingine kabisa. Kwa wiki mbili za mwisho kijana ndiye amlishe, wewe ukiwa umesimama pale, kisha ukiwa ndani, kisha ukiwa sokoni. Amtembeze na kamba. Siku chache kabla ya safari, laleni nje usiku mmoja, hata kwa shemeji mjini, muone kunakucha vipi. Kama Simba amekataa kula au amemfungia kijana jikoni mpaka asubuhi, mtakuwa na muda wa kurekebisha. Mkigundua hilo mkiwa Chalinze, hamna la kufanya.

Chakula: najua Simba anakula ugali wa dona na usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa), kama mbwa wengi wa huku. Endeleeni na hichohicho. Msinunue chakula cha dukani cha kubadilisha ghafla eti kurahisisha, mtamwachia kijana kazi ya kudeki kuhara. Usipa uchekechwe mchanga kabla hamjaondoka, ufungwe kwenye vifuko vya siku mojamoja. Unga upimwe kwa kikombe mnachotumia wewe na dada, na kikombe hicho kibaki juu ya ndoo ya unga, maana "vikombe viwili" vya kijana wa miaka 18 anayejipikia mwenyewe vinaweza kuwa sufuria zima. Mpe maelekezo ya Krismasi waziwazi: pilau ni la watu. Lina vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na lina mifupa. Na kama uani kwenu kuna mparachichi, yaokotwe kila asubuhi. Nyama ya parachichi ikizidi humharisha, ila kitu kinachonipa kazi ya upasuaji ni kokwa: mbwa analimeza zima, linaziba utumbo.

Kuhusu dawa mwambie neno moja tu: asimpe mnyama dawa yoyote bila kupiga simu. Kijana mwenye huruma akiona mbwa anachechemea ataenda duka la dawa kununua diclofenac, dawa ya maumivu ya watu, na hiyo inaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Paka akipewa panadol, hata nusu kidonge, damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Fizi zinageuka rangi ya kahawia na anaweza kufa siku hiyohiyo. Dawa ya kupe ni hivyohivyo. Mvua zikianza kupe wanaongezeka, kijana ataona kupe sikioni kwa Simba, atachanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe ya baba yake, na ikibaki atampaka na paka. Nyingi ya dawa hizo zina kemikali za jamii ya permethrini, ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja. Paka huanza kutetemeka, kisha degedege. Simba mleteni aogeshwe au apewe kidonge cha kupe wiki ya mwisho, ili kijana asijaribiwe.

Kuna jambo moja la kumfundisha kwa mikono, na linachukua dakika mbili. Ainue mdomo wa juu wa Simba pembeni, aone fizi. Ziwe na rangi ya waridi na unyevu. Azibonyeze kwa kidole gumba mpaka pawe peupe, aachie, ahesabu: rangi irudi kabla hajamaliza kusema "moja, mbili". Afanye hivyo mbwa akiwa mzima ili aijue rangi yake ya kawaida. Fizi nyeupe kama karatasi, za njano, au zinazochelewa kurudi rangi ni simu ya saa hiyohiyo. Sababu nyingine za kupiga simu bila kusubiri kesho: mbwa kutokula siku nzima, kutapika zaidi ya mara mbili, kuhara damu, tumbo kujaa ghafla huku akijaribu kutapika bila kutoa kitu, mkojo wa rangi ya chai, kutokwa mate na kutetemeka. Andika kwenye karatasi, bandika ndani ya mlango wa jikoni, maana simu yake inaweza kuisha chaji kabla hajayasoma.

Wewe ukiwa Mwanga, usiombe picha jioni. Omba video fupi ya Simba akitembea kwenda kwenye bakuli na kula. Mbwa mgonjwa anaweza kukaa vizuri kabisa kwenye picha.

Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kibaki nyumbani. Watu wana tabia ya kukiweka kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa, na bahasha inasafiri. Simba akimng'ata mtu Desemba 27, kijana ndiye atakayeulizwa. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, cheti kiwepo kisiwepo. Simba asiuawe na wenye hasira. Afungwe mahali salama, aangaliwe siku 10, na afisa mifugo aarifiwe. Mbwa aliye mzima baada ya siku hizo hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata, na hiyo ni taarifa kubwa kwa daktari wa aliyeng'atwa. Mbwa aliyeuawa na kufukiwa uani hatupi taarifa yoyote. Kama chanjo ya Simba imepitisha mwaka, mleteni wiki hii. Chanjo haifanyi kazi siku inapochomwa, mwili unahitaji wiki kadhaa, na hii ndiyo sababu ya kutongoja Desemba.

Mlipe huyo kijana. Ujirani ni mzuri, lakini wiki tatu za kulala nyumba ya mtu, wenzake wakiwa kwenye sherehe, ni kazi. Nusu mkiondoka, nusu mkirudi, na chakula chake tofauti na cha Simba. Pesa ya dharura aishike mtu mzima, labda mama yake, ili usiku wa ugonjwa kusiwe na kusubiri mtandao wa simu urudi ndipo mtume. Mama yake pia ajue mpango mzima, asije akamwita shambani Tukuyu tarehe 28.

Sasa paka, na hapa naomba baba watoto asogee karibu. "Atajitafutia" si kweli kwa paka aliyezoea bakuli. Anaweza kukamata panya, ndiyo, lakini Uyole ni eneo la mahindi na viazi, watu wanaweka sumu ghalani, na panya aliyekula sumu ni yule anayetembea polepole, rahisi kukamatwa. Paka anamla, naye anaanza kuvuja damu siku chache baadaye. Waombeni majirani wa karibu watumie mitego kwa wiki hizo tatu. Wengine watakubali, wengine watawacheka. Jambo la pili: paka asiyekula siku mbili tatu mfululizo, hasa mnene, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa kwa njaa iliyoanza na huzuni tu. Kwa hiyo kijana amwone paka kwa macho kila siku, asiridhike kwamba bakuli ni tupu, kwani bakuli la paka hulambwa na kila paka wa mtaa. Amlishe ndani, mahali pa juu ambapo Simba hafiki, asubuhi na jioni, na usiku mlango ufungwe paka akiwa ndani.

Msimhamishie kwa jirani. Paka anahesabu nyumba zaidi ya anavyohesabu watu; mkimhamisha atatoroka arudi kwenu, na kati ya nyumba zenu kunaweza kuwa na barabara ya malori yanayokwenda Tunduma. Hujaniambia kama amefungwa kizazi. Kama bado, na anapenda kutoka, mnaweza kurudi Januari mkakuta ana mimba, ambayo huchukua karibu siku 65. Kumfunga kizazi sasa kunampa muda wa kupona kabla hamjaondoka.

Kuhusu mimi: nipo Mbeya sikukuu zote, isipokuwa Krismasi na siku inayofuata, ambapo napokea simu lakini siwezi kuahidi kufika. Kwa hiyo kijana awe na namba tatu: yangu, ya daktari mwingine wa mifugo hapa mjini, na ya afisa mifugo wa kata yenu. Huyo wa tatu mpigieni kabla ya safari mjitambulishe, mumuulize yeye mwenyewe atakuwa wapi tarehe 25 na 26. Wengi wao nao wana kwao.